Kisiki kikichipua, je, hewa ukaa inarudi msituni?

Swali: Mimi ni mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji kimoja wilayani Liwale, mkoani Lindi. Msitu wetu ni wa miombo, yaani msitu wa wazi wenye miti kama mtondoro na myombo. Kila mwaka baadhi ya wenzetu hufyeka vipande vipya kwa ajili ya ufuta, na vijana huchoma mkaa. Hivi karibuni walikuja wageni wakatueleza kwamba msitu wetu unafyonza hewa ukaa na kwamba hewa hiyo ina bei. Mkutanoni mzee mmoja akauliza: mti tunaoukata si unachipua tena? Basi hewa iliyotoka si inarudi? Hakuna aliyemjibu sawasawa. Mwalimu wetu naye anasema tukipanda miche shuleni tutakuwa tumeshafidia. Tunaomba ufafanuzi.

Jibu:

Ndugu mjumbe, mzee aliyeuliza swali hilo ameligusa jambo lenyewe hasa, na ninasikitika kwamba hakupata jibu siku ile, kwa kuwa mengine yote mnayoelezwa kuhusu hewa ukaa yanategemea jibu lake. Hewa iliyotoka inaweza kurudi, na inaweza isirudi kabisa. Kinachoamua si shoka, bali ni kile kinachofuata baada ya shoka. Kisiki kikiachwa hai na ardhi isiguswe kwa jembe, sehemu kubwa ya kaboni iliyokuwa mtini hurudi polepole kwa muda wa kizazi kizima. Kisiki kiking'olewa na kipande hicho kikageuzwa shamba la kudumu, kinachorudi ni kidogo mno. Mengi nitakayoyaandika hapa ni ufafanuzi wa tofauti hiyo pamoja na hesabu zake, kwa sababu asiye na hesabu hana cha kumjibu mgeni aliyekuja na hesabu zake.

Tuanze na mti wenyewe. Watu wengi hudhani kwamba mti hula udongo, lakini ukweli ni kwamba ardhini mti huchota maji na madini kidogo tu, na sehemu kubwa ya uzito wake mkavu imetoka hewani. Jani huvuta hewa ukaa kupitia vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kwa nguvu ya mwanga wa jua huigeuza kaboni iliyomo kuwa sukari, ambayo baadaye huwa shina, gome, tawi na mzizi. Ndiyo maana karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa mabadiliko ya tabianchi, IPCC, hutumia kiwango cha asilimia 47. Mti ukiungua au ukioza, kaboni hiyo huungana na oksijeni na kurudi hewani, na kwa kuwa oksijeni nayo ina uzito wake, kila kilo 12 za kaboni huwa kilo 44 za hewa ukaa. Kwa maneno mengine, tani 1 ya kaboni iliyomo mtini ni sawa na tani 3.67 za hewa ukaa ikishatoka.

Liwekeni akilini jambo hilo, ingawa linaonekana dogo. Nimewahi kuona kamati zikijadiliana na wafanyabiashara huku upande mmoja ukizungumzia tani za kaboni na upande wa pili tani za hewa ukaa, bila yeyote kugundua kwamba tofauti yake ni zaidi ya mara tatu na nusu. Kinachouzwa sokoni hupimwa kwa tani za hewa ukaa.

Sasa chukueni mtondoro mmoja ambao ukikaushwa wote, bila mizizi, ungekuwa na uzito wa kilo 400. Ndani yake mna kaboni ya kilo 188, na ukiteketea wote utatoa takriban kilo 690 za hewa ukaa. Huo ni mti mmoja. Kwa hekta nzima nitatumia vipimo vilivyofanywa Nhambita, mkoani Sofala nchini Msumbiji, karibu na Hifadhi ya Gorongosa, kwa sababu miombo ya huko inafanana sana na ya kusini mwa Tanzania na kwa sababu watafiti wale walipima pia mashamba yaliyoachwa, jambo ambalo ndilo hasa mzee wenu anataka kulijua. Katika utafiti huo uliochapishwa mwaka 2008, mashina ya miombo iliyokomaa yalikuwa na takriban tani 20 za kaboni kwa hekta, yaani kama tani 73 za hewa ukaa iwapo yote yangeungua.

Ili tani hizo 73 zisibaki kuwa maneno tu, mfikirieni kijana wa bodaboda anayetumia lita 3 za petroli kwa siku. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, kwa hiyo kwa mwaka mzima pikipiki hiyo itatoa kiasi cha tani 2.5 hivi. Hekta moja ya miombo iliyofyekwa na kuchomwa moto, basi, hutoa kwa msimu mmoja hewa ambayo bodaboda ingeitoa kwa karibu miaka 30. Kijana huyo atakuwa amezeeka kabla hajaifikia hekta moja.

Nhambita walipopima mashamba yaliyoachwa bila kulimwa kwa miaka mbalimbali, waligundua kwamba miti inayochipua hurejesha wastani wa tani 0.7 za kaboni kwa hekta kila mwaka. Gawanyeni 20 kwa 0.7 mtapata takriban miaka 28 au 29. Hilo ndilo jibu la mzee kwa upande wa miti: ndiyo, inarudi, lakini kilichotoka kwa msimu mmoja kinahitaji karibu miaka 30 ya utulivu ili kirudi, na muda wote huo sehemu ambayo haijarudi iko angani ikiendelea kuzuia joto lisitoke. Tena angalieni uwiano wa kupendeza uliomo humo: tani 0.7 za kaboni ni kama tani 2.6 za hewa ukaa, kwa hiyo hekta moja ya msitu unaochipua hufyonza kwa mwaka karibu sawa na kile ambacho bodaboda moja inatoa. Kufyonza ni kazi halisi na ya thamani, lakini ni kazi ya taratibu, na ndiyo sababu wataalamu wa misitu tunasisitiza kuulinda msitu uliopo kabla hatujazungumzia msitu utakaokuja.

Upande wa udongo habari si nzuri kama hiyo, na hapa ndipo wengi wanapopitiwa. Katika misitu ya miombo, udongo kwa kawaida hubeba kaboni nyingi kuliko mashina yanayoonekana juu yake, kwa sababu kwa karne nyingi majani, nyasi na mizizi iliyokufa imekuwa ikichanganyika nao. Jembe linapoufungua udongo huo na jua likaupiga mwaka baada ya mwaka, vijidudu huitafuna akiba hiyo kwa kasi na kuirudisha hewani, bila moshi na bila dalili yoyote ambayo mkulima angeiona isipokuwa mavuno yanayopungua. Watafiti wa Nhambita walitarajia kuona kaboni ya udongo ikiongezeka kadiri shamba lilivyokaa muda mrefu bila kulimwa, lakini hawakuona ongezeko lolote la kuaminika. Miti ilirudi, udongo, kwa muda walioweza kuupima, haukurudi. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba shamba lililoachwa kwa miaka 30 limelipa deni lote, mwambieni kwamba limelipa sehemu ya miti.

Hapo ndipo tunapofika kwenye ufuta na mkaa, na naomba mniruhusu nikae hapa kwa muda, kwa sababu mara nyingi lawama huelekezwa kwa asiyestahili kuibeba yote. Mchoma mkaa anaonekana: ana tanuri linalofuka, ana magunia barabarani, anakamatwa. Mkulima anayefyeka ekari tano hachukuliwi kuwa mharibifu, kwani analima chakula au zao la kuuza, na nani atamlaumu mtu kwa kulima? Lakini kwa upande wa kaboni, mchoma mkaa aliyekata shina na kuacha kisiki ameukopa msitu, ilhali mkulima aliyeng'oa visiki ameufunga. Mti wa miombo una mizizi mipana yenye akiba ya chakula, na ukikatwa vizuri huchipua kutoka kwenye kisiki na hata kutoka kwenye mizizi iliyo mbali na shina. Ndiyo sababu msitu huu umestahimili moto, tembo na shoka kwa maelfu ya miaka. Usichokistahimili ni jembe la kila mwaka.

Jaribio zuri zaidi la wazo hilo nchini lilifanyika wilayani Kilosa kuanzia mwaka 2012, chini ya Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (TFCG) na Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania (MJUMITA), kwa ufadhili wa serikali ya Uswisi. Sehemu ya msitu wa kijiji iligawanywa katika vitalu vya mita 50 kwa 50, vikavunwa kwa kurukana kama miraba ya ubao wa bao la drafti, ili kila kitalu kilichovunwa kizungukwe na miti iliyosimama. Kitalu kikishavunwa hupumzishwa kwa miaka 24, visiki huachwa, kulima ndani yake hakuruhusiwi, na ushuru wa mkaa huingia katika mfuko wa kijiji. Wanakijiji walipopata fedha kutokana na msitu uliosimama, walipata pia sababu ya kumzuia mtu anayetaka kuugeuza shamba.

Mtaona kwamba miaka 24 ni pungufu ya 28 niliyoihesabu hapo juu. Kwa maoni yangu muda huo unatosha kupata tena magogo ya mkaa, lakini kwa upande wa kaboni ni mfupi kidogo, na kijiji kingekuwa na eneo la kutosha ningekishauri kiongeze hadi 30. Hata hivyo, la muhimu zaidi ni kuutazama msitu mzima badala ya kitalu kimoja. Ikiwa kila mwaka mnavuna sehemu 1 kati ya 24, sehemu nyingine 23 zinakua, na kinachofyonzwa na hizo 23 hukaribia kulingana na kinachotoka kwenye ile moja. Msitu wa namna hiyo hauongezi hewa ukaa angani mwaka baada ya mwaka. Lakini pia haubebi kaboni nyingi kama msitu usioguswa. Ukipiga wastani wa vitalu vyote, vilivyovunwa jana na vilivyokaribia kuvunwa, utakuta kiasi cha nusu tu ya kile ambacho msitu uliokomaa ungebeba. Kuanzisha uvunaji wa zamu katika msitu ambao haujawahi kuvunwa, basi, ni kutoa hewa ukaa mara moja na kisha kubaki palepale. Ninaliandika hili waziwazi kwa sababu watetezi wa mkaa endelevu, na mimi ni mmoja wao, hatuna budi kulisema.

Tanuri nalo lina sehemu yake. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa, na kilichobaki huishia kuwa joto, mvuke na moshi. Tena kwa kuwa kuni huungua kwa hewa kidogo, sehemu ya kaboni hutoka kama methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huongeza joto takriban mara 28 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. Magogo yaliyokaushwa vyema, yakapangwa kwa kubanana na kuwekewa bomba la kutolea moshi, hutoa mkaa zaidi kwa miti michache zaidi. Kwa upande wa mlaji, serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na kila jiko la gesi au la umeme linalofika mjini hupunguza njaa ya mkaa kwa misitu ya Lindi. Lakini hata mkaa ungeisha kesho, ufuta ungebaki, na bei yake ikipanda, msitu unapungua.

Kwa nchi nzima, tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu, NAFORMA, iliyokamilika mwaka 2015, ilikuta Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, ambayo ni zaidi ya nusu ya ardhi yote, na karibu yote ni misitu ya wazi ya namna ya miombo. Takwimu za serikali zinazotumika sasa zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 2002 na 2013 tulikuwa tukipoteza hekta 469,420 kila mwaka. Sehemu kubwa ya misitu iliyobaki nje ya hifadhi za serikali imo katika ardhi za vijiji kama chenu. Kwa hiyo mnapokaa chini ya mwembe kupanga matumizi bora ya ardhi, mnaamua jambo ambalo hakuna wizara inayoweza kuliamua kwa niaba yenu.

Kuhusu moto nitasema kwa ufupi, ingawa unastahili makala yake. Huko Ndola nchini Zambia, tangu miaka ya 1930, watafiti waligawanya kipande cha miombo katika sehemu zilizokingwa dhidi ya moto, sehemu zilizochomwa mapema nyasi zikiwa bado zina ubichi, na sehemu zilizochomwa mwishoni mwa kiangazi. Sehemu zilizokingwa zilisongamana miti. Zilizochomwa mapema zilibaki msitu. Zilizochomwa kiangazi kikali mwaka baada ya mwaka ziligeuka nyika yenye miti ya kuhesabika. Machipukizi ya visiki vyenu yako katika hatari hiyohiyo. Moto kichaa wa Septemba na Oktoba ukipita juu ya chipukizi la miaka miwili, kisiki huanza upya, na hesabu yangu ya miaka 28 haianzi kuhesabiwa. Barabara za kuzuia moto na uchomaji wa mapema mwezi wa Juni ni kazi ya kaboni sawa na kazi ya kupanda miti, na ni ya bei nafuu zaidi.

Mwalimu wenu anastahili kupongezwa, na watoto wapande miti hiyo, kwa ajili ya kivuli, matunda na kuni za shule. Kinachokosekana katika kauli yake ni kipimo. Miche ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja huchukua miche takriban 1,100. Shule ikipanda miche 500 na yote ikapona, imefunika chini ya nusu hekta, na mche mchanga katika miaka yake ya mwanzo haufyonzi chochote cha kutajika. Ikiwa mwaka huohuo kijiji kimefyeka hekta 40 kwa ufuta, hakuna fidia hapo. Tena penye visiki hai hakuna haja ya mche: mzizi wa kisiki umeshajengwa, na chipukizi lake hukimbia mbele ya mche wowote wa kitaluni. Wasukuma walilijua hilo kabla yetu. Utaratibu wao wa ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho na kuipumzisha ili ije kutumika wakati wa kiangazi, ulifufuliwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 katika mkoa ambao wengi walikuwa wameshaukatia tamaa kwa ukame na upepo wa vumbi. Ngitili zilizoandikishwa wakati huo zilikuwa kama hekta 600. Katika miaka iliyofuata zikapita hekta 300,000, na nyingi zilirudi kwa kuachwa tu zichipue, huku kaya na vijiji vikizilinda kwa sheria zao wenyewe.

Wageni wenu waliwaambia pia, nadhani, kwamba misitu ndiyo itakayoiokoa dunia na joto. Hilo lina ukweli ndani yake na chumvi juu yake. Katika mwongo uliopita, uchomaji wa mafuta, makaa ya mawe na gesi pamoja na utengenezaji wa saruji umekuwa ukitoa hewa ukaa ya takriban tani bilioni 36 kwa mwaka, na ukataji wa misitu na mabadiliko mengine ya matumizi ya ardhi, baada ya kuondoa kinachorudishwa na misitu inayochipua, takriban tani bilioni 4, yaani sehemu moja ya kumi hivi ya jumla. Wakati huohuo mimea na udongo wa nchi kavu, misitu ikiwa ndiyo mikubwa zaidi, hufyonza takriban asilimia 30 ya kila kinachotolewa, na bahari nayo hufyonza karibu robo. Bila huduma hiyo ambayo hakuna anayeilipia, dunia ingekuwa na joto kali zaidi kuliko la sasa.

Lakini ghala hilo si la kutegemewa bila mwisho. Mwaka 2020 kundi la watafiti likiongozwa na Wannes Hubau lilichapisha vipimo vya miongo mitatu kutoka viwanja 244 katika nchi 11 za Afrika, misitu minene isiyokatwa, mingi ikiwa ya bonde la Kongo. Misitu hiyo ilikuwa ikiongeza wastani wa tani 0.66 za kaboni kwa hekta kila mwaka hadi mwaka 2015, lakini dalili za kuchoka zilikuwa zimeanza kuonekana, na misitu ya Amazon ilikuwa imeanza kupungua uwezo tangu miaka ya 1990. Mwaka uliofuata Luciana Gatti wa taasisi ya utafiti wa anga ya Brazili, INPE, alionyesha kwa sampuli za hewa zilizochukuliwa kwa ndege kwamba kusini mashariki mwa Amazon, palipokatwa na kuchomwa sana, msitu sasa unatoa hewa ukaa nyingi kuliko unayofyonza. Na katikati ya Kongo, chini ya misitu ya kinamasi inayogawanywa kati ya Kongo mbili, upo udongo mzito wa mimea isiyooza ambao ramani yake ya mwaka 2017 ilikadiria kuwa na tani bilioni 30 hivi za kaboni. Akiba hiyo ilijengwa kwa maelfu ya miaka, na ikikaushwa kwa mifereji hakuna upandaji miti utakaoirejesha wakati wa uhai wa wajukuu wetu. Misitu, basi, inaweza kuifuta sehemu ya kosa, lakini haiwezi kuyafidia magari, viwanda na mitambo ya umeme ya dunia nzima, na anayewaahidi hivyo anataka msitu wenu uwe kisingizio chake cha kuendelea kuchoma.

Nikisema hivyo simaanishi kwamba mkatae biashara ya kaboni, yaani kulipwa na wanaotaka kufidia hewa ukaa wanayoitoa wao. Huko Gazi katika kaunti ya Kwale nchini Kenya, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wamekuwa tangu mwaka 2013 wakiuza kiasi cha tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka kutokana na kulinda na kupanda mikoko katika hekta 117 tu, na fedha hizo zimeleta maji na vitabu vya shule. Katika wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, vijiji 8 vinavyolinda misitu ya milima ya Ntakata vimepata mapato makubwa kwa njia hiyohiyo. Lakini mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa miradi 26 ya kulinda misitu katika nchi 6, nao ukaonyesha kwamba mingi haikuwa imepunguza ukataji kwa kiasi ilichodai. Kosa la kawaida lilikuwa kwenye makadirio ya kile ambacho kingetokea bila mradi: ukitabiri kwamba msitu wote ungekatwa, kila mti uliosimama unaonekana kuwa umeokolewa na wewe.

Kwa hiyo waulizeni wageni hao maswali ya wazi. Wamekadiria vipi ukataji ambao ungetokea bila wao, na wametumia picha za satelaiti za miaka ipi? Mkulima atakayezuiwa kulima hapa ataenda kulima wapi, maana akienda kufyeka msitu wa kijiji jirani hakuna hewa iliyookolewa? Moto ukiteketeza msitu katika mwaka wa kumi, nani atabeba hasara? Mkataba ni wa miaka mingapi, na je, unaruhusu kukata kuni za kupikia na kurina asali? Bei ikipanda sokoni, fungu la kijiji litapanda? Kanuni za usimamizi wa biashara ya kaboni zilizotolewa mwaka 2022 zinataka mradi uandikishwe, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kilichopo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kinaweza kuwaambia kama wageni wenu wanajulikana. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji mamlaka juu ya hifadhi yake ya msitu, na jirani zenu wa vijiji vinavyomiliki msitu wa Angai wanaweza kuwasimulia ugumu na faida ya kuitumia. Msikubali kamati peke yake isaini. Mkataba usomwe wote kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na mzee yule apewe nafasi ya kuuliza tena.

Kabla ya hayo yote, ninawasihi mfanye jambo moja ambalo halihitaji mgeni. Chagueni sehemu tano au sita za msitu, nyingine zenye miti mikubwa na nyingine zenye visiki vinavyochipua, na katika kila moja chomekeni kigingi katikati, mfunge hapo kamba ya mita 15 na kuizungusha ili mpate kiwanja cha duara. Huo ndio ukubwa wa kiwanja kilichotumiwa na NAFORMA. Kila mti wenye kipenyo cha sentimita 10 na zaidi upimwe mzunguko wake kwa futi ya fundi cherehani katika kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, upakwe alama ya rangi palepale, na jina lake liandikwe kwenye daftari kama linavyotamkwa kijijini: mtondoro, myombo, mninga, mkongo. Katika viwanja vya visiki, hesabuni machipukizi yaliyo hai. Fanyeni hivyo mvua zinapokwisha, na mrudie mwaka ujao na mwaka wa kesho kutwa, vijana wa mkaa wakiwa miongoni mwa wapimaji, kwani wao ndio wanaoijua miti na njia za msitu. Daftari hilo likae ofisi ya kijiji, na nakala yake nitumieni. Nitawafanyia hesabu ya kaboni kwa kila kiwanja na kuwaonyesha jinsi ya kuifanya wenyewe mwaka unaofuata.